Nembo ya Wengi Haichorwi Gizani

Kila kazi ya ushirika ina mambo mawili: kazi yenyewe, na alama iitambulishayo kazi hiyo mbele ya watu. Katika fani ya kompyuta kazi yaitwa programu, alama yaitwa nembo, na baraza wapokelewapo wageni yaitwa tovuti. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi, kila mtu akawa na ruhusa ya kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuugawa kwa wenziwe. Hutungwa na watu wa mataifa mbalimbali, ambao wengi wao hawapati ujira wala hawakupata kuonana uso kwa uso. Ushirika wa namna hii ukifikia umri fulani, aghalabu hushikwa na hamu ya kubadili sura. Nembo ya zamani huonekana imechakaa, tovuti huonekana imepitwa na wakati, na mchoraji hutafutwa. Hapo huzuka ugomvi ambao mara nyingi huwa mkali kuliko ugomvi wowote juu ya msimbo.

Katika ugomvi huo yapo makundi mawili yasemayo kwa sauti kubwa, na yote mawili yamepotea njia. Kundi la kwanza husema kuwa nembo ni pambo tupu. Kwamba mtu mwenye akili hutazama msimbo, na kuwa kubishana juu ya rangi ni kupoteza wakati. Kundi la pili husema kuwa nembo ni jambo kubwa mno, na kwa sababu ya ukubwa wake haifai kuwekwa mbele ya umati. Wachache wenye ujuzi na waamue, kisha wengi waonyeshwe. La kwanza ladharau, la pili laamuru. Yote mawili huishia mahali pamoja: nembo huchorwa gizani, na waliojenga nyumba huamka asubuhi wakakuta imepakwa rangi wasiyoijua.

Wenye kudharau huanzia penye kweli. Methali yasema nyumba njema si mlango, na hakika programu mbovu haiponi kwa kuvikwa nembo mpya. Walakini methali hiyo ina nusu ya pili: fungua uingie ndani. Ili mtu afungue hana budi kuujua mlango, na kuutofautisha na mlango wa jirani. Kanga hufundisha jambo hili vyema. Pindo, mji na jina hukaa mahali pake, na michoro hubadilika kila msimu. Hata hivyo mnunuzi wa pwani alitazama kama nguo ina maandishi ya "Mali ya Abdulla", alama ya mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, kwa kuwa maandishi hayo yalimhakikishia nguo imetoka katika nyumba anayoiamini. Alama ile haikuongeza uzi hata mmoja katika nguo. Iliongeza imani, na imani ndiyo iliyomrudisha mnunuzi dukani.

Pana sababu nyingine, kubwa kuliko hiyo, nayo ni ya sheria. Msimbo wa programu huria waweza kunakiliwa wote kwa ruhusa ya leseni yake. Washirika wakikosana, upande mmoja waweza kuuchukua na kwenda kuanza upya mahali pengine. Jina na nembo havichukuliki hivyo. Hivyo hulindwa na sheria ya alama za biashara, na huwa mikononi mwa shirika au kampuni moja. Basi katika nyumba nzima ya programu huria, nembo yaweza kuwa chumba cha pekee chenye kufuli.

Mifano ya jambo hili haiko mbali. Mwezi wa Agosti mwaka 2005 watungaji wa programu ya kutengenezea tovuti iliyoitwa Mambo walikosana na kampuni ya Australia iliyokuwa na haki ya jina hilo, kwa sababu ya namna wakfu mpya wa programu ulivyoundwa. Wakatoka. Msimbo walitoka nao, kwa kuwa leseni iliwapa haki hiyo. Jina na nembo waliviacha nyuma. Waliponuia kujiita upya walichagua neno la Kiswahili, jumla, wakaliandika kwa tahajia ya kigeni, Joomla, na maana waliyoikusudia ni watu wote pamoja. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo waliwaalika washirika walete michoro ya nembo, wakaiweka ipigiwe kura, na mchoro uliopendwa ukatangazwa mwezi haujakwisha. Ni umbo la vipande vinne vya rangi nne vilivyoshikana kama watu waliopeana mikono. Watu waliokwisha kunyang'anywa alama walijua thamani ya alama, na hawakutaka mpya iwe mali ya wachache.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2006. Mradi wa Debian, ambao tangu mwaka 1997 una mkataba wake na jamii ya watumiaji, ulikuwa ukigawa kivinjari cha Firefox. Msimbo wa Firefox ulikuwa huru, lakini mchoro wa nembo yake haukuwa chini ya leseni huru, na kanuni za Debian hazikuruhusu kuugawa. Mozilla nayo haikukubali jina litumike bila ya nembo. Mwisho wake kivinjari kilekile, kwa msimbo uleule, kilibadilishwa jina kikaitwa Iceweasel, na kikakaa na jina hilo katika Debian mpaka mwaka 2016. Miaka kumi watu walitumia kitu kimoja kwa majina mawili kwa ajili ya picha ya mbweha. Asemaye kuwa nembo ni pambo tupu na aulizwe: ni pambo gani lenye nguvu ya kufanya hivyo?

Wenye kudharau wakinyamaza, husimama wenye kuamuru. Hawa wana hoja yenye uzito zaidi, na haifai kuibeza. Hoja yao yaonekana vyema katika historia ya Ubuntu, mfumo uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni la Kizulu na Kixhosa, nalo ni ndugu wa damu wa neno la Kiswahili utu. Nembo yake ni duara la watu watatu walioshikana mikono, wakitazamwa kutoka juu. Mwaka 2010 kampuni ya Canonical, yenye kuusimamia mfumo huo, iliacha rangi ya hudhurungi ya tangu mwanzo ikashika rangi ya machungwa na ya zambarau, pamoja na maandishi mapya. Katika toleo la Aprili mwaka huo vifungo vya kufungia madirisha vilihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Watumiaji wengi walilalamika. Shuttleworth alijibu hadharani kwamba maoni mema yanakaribishwa, lakini mradi si demokrasia, na mambo ya usanifu hayapigiwi kura.

Jibu hilo lina ukweli wake. Kura haijui uwiano wa mistari. Kura haijui kuwa nembo sharti isomeke ikiwa kubwa kama bango na ikiwa ndogo kama punje ya mtama pembeni mwa kioo cha simu. Watu elfu wakichagua rangi, aghalabu hupatikana rangi isiyomchukiza mtu wala kumpendeza mtu. Tena wasemao hivi wana methali mkononi: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Lakini jibu hilo limejibu swali lisiloulizwa. Msimbo wenyewe wa programu huria haupigiwi kura, na wala hautungwi gizani. Mtu mwenye marekebisho huyaleta mbele ya wote, akaeleza kasoro aliyoiona na dawa anayoipendekeza. Wenzake huyasoma mstari kwa mstari, wakauliza, wakapinga, wakasahihisha. Mwishoni mtunzaji mwenye dhamana hukubali au hukataa, na sababu yake hubaki imeandikwa mahali ambapo hata mgeni wa miaka kumi baadaye ataisoma. Hapo hapana kura, na hapana siri. Hapana aliyesema kuwa desturi hiyo ni vurugu. Kinyume chake, ndiyo watu wa programu huria wanayojivunia kuliko jambo jingine lolote. Ikiwa msimbo, ambao kosa lake moja laweza kuangusha mitambo ya benki, hupitishwa katika njia hiyo, ni udhuru gani uliobaki kwa nembo?

Na methali ya manahodha yafaa isomwe na watu wanaojua bahari. Ni kweli usukani hushikwa na mmoja. Lakini safari hupangwa pwani, kabla ya nanga kung'olewa. Nahodha asiyewaambia mabaharia anakokwenda hamalizi msimu nao, hasa mabaharia wasiolipwa, ambao hakuna kinachowazuia kushuka bandari ya kwanza. Mchoraji na ashike usukani wake. Lakini maana ya safari, mipaka yake na sababu yake vyapasa kusemwa kabla ya kalamu kugusa karatasi. Ukweli wa mambo ni kuwa mwaka 2017, Ubuntu ilipoacha sura yake ya Unity na kurejea katika GNOME, vifungo vile vya madirisha vilirudi kulia. Amri ilidumu miaka saba.

Mtu aweza kusema kuwa njia ya wazi haijapata kujaribiwa na watu wakubwa. Imejaribiwa. Mwaka 2016 Mozilla ilitangaza kuwa itatafuta nembo mpya mbele ya macho ya watu, pamoja na wasanifu wa johnson banks wa London. Mwezi wa Agosti mwaka huo walionyesha fikra saba za mwanzo, wakapokea maoni, wakazipunguza. Mwezi wa Januari 2017 wakatoa nembo iliyoandikwa moz://a, ambamo alama zitumiwazo katika anwani za intaneti zimeingia mahali pa herufi tatu. Maoni mengine yalikuwa ya kejeli na matusi, na uamuzi wa mwisho haukupigiwa kura. Hata hivyo kila mtu aliweza kufuata hatua kwa hatua jinsi fikra saba zilivyokuwa moja. Asiyeipenda nembo ile alijua sababu yake. Mwaka 2024 Mozilla iliibadilisha tena, ikatoa nembo mfano wa bendera yenye kukumbusha mjusi mkubwa wa kale aliyekuwa alama yake ya mwanzo; wala kubadilishwa huko si hoja dhidi ya njia ile. Nembo zote huzeeka. Linaloulizwa ni kama mabadiliko yake yana maelezo.

Uwazi una faida nyingine, nayo ni kugundua maana zisizoonwa na wachoraji. Mradi wa FreeBSD ulikuwa na picha mashuhuri ya kijana mwekundu mwenye pembe na mkuki. Katika lugha ya mifumo ya Unix programu ifanyayo kazi kimya nyuma ya pazia huitwa kwa neno lenye asili ya Kiyunani, lenye maana ya pepo asiye mwema wala mbaya kwa tabia. Watu wa pwani, wanaotofautisha pepo, jini, ruhani na shetani, wangeelewa tofauti hiyo bila taabu. Wengine waliona shetani tu. Mwaka 2005 mradi uliitisha mashindano ya wazi, na ikashinda nembo ya Anton K. Gural: tufe jekundu lenye pembe mbili. Kijana wa zamani hakufukuzwa. Alibaki kuwa kipenzi cha mradi, na tufe likawa alama yake rasmi. Huo ni usuluhishi ambao mtu mmoja chumbani asingeufikia kwa urahisi, kwa kuwa haujui ugomvi asiyeusikia.

Apache ni mfano mzito zaidi. Wakfu huo ulioundwa mwaka 1999 ulitumia jina la watu wa asili wa Marekani, na unyoya kuwa alama. Mwezi wa Januari 2023 kikundi cha Natives in Tech, cha watu wa asili wenyewe wafanyao kazi za kompyuta, kiliutaka wakfu ubadili jina, kikieleza kuwa taifa lililo hai limefanywa kuwa pambo la wengine. Mwaka 2025 wakfu uliondoa unyoya, ukaweka jani la mwaloni na herufi ASF. Jina kamili limebaki. Watakaosema kuwa hatua hiyo imechelewa wana haki, na watakaosema kuwa haijatimia wana haki. Lakini somo la hapa ni kuwa unyoya ule ulionekana mzuri kwa zaidi ya miaka ishirini machoni mwa waliouchora, na wenye kuguswa nao hawakuwamo chumbani.

Tovuti yataka maneno yake mbali, kwa kuwa madhara ya kuibadili ovyo huwa mapana kuliko ya nembo. Nembo mbaya huudhi jicho; tovuti mbaya humfungia mtu nje. Kwanza, kila ukurasa una anwani, na anwani hizo zimenakiliwa katika vitabu, katika tasnifu za wanafunzi na katika maelekezo ya walimu. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa kurasa, alikwisha kuonya mwaka 1998 kwamba anwani haifai kubadilika. Pamoja na onyo hilo, tovuti mpya zingali zikizinduliwa kwa shangwe huku njia za zamani zikifa, na msomaji anayefuata rejeo la haki hukuta ukurasa wa kumwambia kuwa hakuna kitu. Pili, tovuti mpya aghalabu ni nzito. Hujazwa picha kubwa na mapambo yenye kucheza, mambo yasiyomsumbua mchoraji mwenye mtambo wa nguvu na intaneti isiyopimwa. Mwanafunzi wa Kigoma au Bunia anayenunua kifurushi cha intaneti kwa siku hulipia kila pambo kwa fedha yake kabla hajasoma neno moja. Tatu, mlango hubadilika maana. Ukurasa uliokuwa ukisema, soma msimbo, jiunge, andika kasoro uliyoiona, huanza kusema, pakua, nunua, wasiliana na muuzaji. Mgeni aliyekaribishwa kama mshirika sasa hupokelewa kama mteja, na hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Mpango wa rangi uliamua.

Yaonekana basi kuwa masharti ya haki si magumu. Sababu ya kubadili na iandikwe wazi kabla ya mchoraji kuajiriwa, na iwe sababu ya kweli: haisomeki, yaumiza watu, yafanana na ya mwingine, uchovu wa macho ya viongozi hautoshi. Fikra za mwanzo na ziwekwe mahali pa wazi pamoja na hoja zake, na pawe na muda wa kupinga. Mwenye dhamana aamue, ajulikane kwa jina, na ajibu kwa maandishi hoja kubwa alizozikataa. Mchoro na uwe na leseni yenye kuwaruhusu washirika kuutumia. Debian ilipopata nembo ya mzunguko iliyochorwa na Raul Silva mwaka 1999, ilikuwa na moja ya kutumiwa na kila mtu na nyingine yenye masharti. Na ngwini Tux wa Linux, aliyechorwa na Larry Ewing mwaka 1996, hutumiwa na kugeuzwa na yeyote amtajaye mchoraji. Ngwini huyo amevaa nguo za kila namna, na hapana aliyemsahau sura. Mwisho, tovuti na ipimwe kwa simu ya bei ndogo kabla ya kupimwa kwa macho ya wasanifu, anwani za zamani ziendelee kufika, na milango ya tafsiri iachwe wazi.

Haya yote yanawahusu watu wa Kiswahili kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: wao ni watumiaji na watungaji kama wengine. Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 katika msukosuko wa baada ya uchaguzi, ilichukua jina lake katika kamusi yao wenyewe. Ya pili ni ya madai. Dunia ya programu huria imeazima maneno ya Kiafrika na kuyafanya bendera. Jumla ni neno la Kiswahili, lililotoka Kiarabu na kukomaa sokoni na kwenye hesabu. Ubuntu na utu ni matawi ya shina moja la Kibantu. Neno likiazimwa huazimwa pamoja na maana yake. Anayejiita Jumla amekubali kuwa hesabu haitimii mmoja akiachwa nje. Anayejiita Ubuntu, na kuchora watu watatu walioshikana mikono, amekubali kuulizwa kama watu hao walishauriana juu ya rangi watakayovishwa.

Wataalamu wa Kiswahili wana kazi hapa isiyoweza kufanywa na mchoraji wa London wala wa San Francisco. Ni juu yao kueleza maneno hayo yanamlazimu nini anayeyatumia, kuingia katika mijadala hiyo pindi mchoro ungali rasimu, na kuandika tafsiri za kurasa kabla hazijazinduliwa. Mlango uko wazi kwa kanuni ya leseni. Uwazi wa nembo na tovuti bado wadaiwa, na deni hudaiwa na mwenye haki aliyefika barazani akaketi.